Baba Damas Kyembe na Miiba ya Bonde la Kalwende

Baba zetu, mama zetu, na ninyi nyote mliokuja hapa Kikula kulia pamoja nasi, familia ya Mulongo imenituma mimi, Édouard, mdogo wa marehemu, niwasomee maisha ya yaya yetu, kaka yetu mkubwa, Damas Kyembe Mulongo, na tumekubaliana nyumbani kwamba tutayasema jinsi yalivyokuwa, hata pale yanapouma.

Baba Damas alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 kule Kakontwe, mtoto wa kwanza wa Michel Mulongo, aliyepasua mawe ya chokaa machimboni, na wa Julie Kapya, aliyelima mihogo nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Shule ya msingi aliisoma kulekule Kakontwe, akaimaliza mwaka wa 1971, kisha akaingia shule ya ufundi hapa Likasi, alikopata diploma ya umakanika mwezi wa Julai 1977, na waliosoma naye wanamkumbuka kama kijana mrefu, mkimya, asiyependa kuacha kazi nusu.

Mwaka wa 1978 aliajiriwa kiwandani Shituru, akatengeneza pampu miaka mingi, mpaka kazi ilipokwisha mwaka wa 2003, yeye na wenzake wengi, ambao baadhi yao wamekaa hapa mbele. Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na mama Simone Ngoie, na Mungu akawapa watoto watatu, Jaël, Adrien na Carmel, ambao wote walisoma, na tangu kazi ya kiwanda ilipokwisha, masomo yao, chakula chao na dawa zao zilitoka katika bonde la Kalwende.

Ninyi wa Kikula mnalijua bonde lile, lakini kwa wageni waliotoka mbali tuseme kwamba ni ardhi ya watu wote, kijito kinapita katikati, juu kuna kijiji, katikati kuna uwanja wa kampuni ya zamani ya matofali, na chini kuna bustani zetu sisi watu wa mjini, lengalenga, kabichi, nyanya, na vidimbwi ambamo mama zetu waliloweka mihogo. Baba Damas alipewa kipande chake mwaka wa 2004, na mtu aliyezoea kelele za mashine alishangaa, kama alivyotuambia mwenyewe, kuona kwamba anaweza kupenda mahali palipo kimya namna ile.

Mwaka wa 2011, baada ya mafuriko, kilionekana kandokando ya maji kichaka kigeni, chenye maua ya rangi ya waridi, na majani yanayojikunja ukiyagusa, na watoto walikuwa wakiyagusa na kucheka. Mtu wa kilimo alisema jina lake ni mimosa, sisi tuliita miiba tu, na kufika mwaka wa 2015 ilikuwa imempita mtu kwa urefu, imekula nusu ya bustani, na ukiikata leo, mvua ikinyesha mara moja inachipuka upya, kwa sababu uhai wake uko katika mizizi, na mbegu zake zinaelea juu ya maji na kushuka kwa jirani.

Hapo Baba Damas alipanda kwa miguu hadi kijiji cha juu, akamtafuta Baba Arsène Kisimba, aliyekuwa akimwakilisha chifu katika mambo ya ardhi, wakakaa mchana kutwa, na Baba Arsène akamwambia maneno ambayo marehemu aliyarudia mara nyingi: "Yaya Damas, minye niko nakata huku, weye uko nakata kule chini, na mbegu iko nashuka tu na mayi. Kila muntu kwake, tuko nacheza." Ndivyo, tarehe 18 Juni 2016, watu wa kijiji, watu wa Kikula na mlinzi wa uwanja wa matofali walikubaliana kung'oa pamoja, wakianzia mwanzo wa kijito na kushuka, kila Jumamosi ya kiangazi, bila mtu kuuliza kipande hiki ni cha nani. Miaka mitatu walifanya hivyo, wanawake wakiimba, vijana wakichoma mizizi, na mwaka wa 2019 bonde lilipumua, na Baba Damas na Baba Arsène walikuwa wakiitana pacha, ingawa mmoja alikuwa mnene na mwingine mwembamba.

Mwaka wa 2020 uwanja wa matofali ulipata mmiliki mpya, ukazungushiwa ukuta, lango likafungwa, na kila aliyekwenda kuomba ruhusa ya kung'oa ndani aliambiwa arudi wiki nyingine. Mwaka uliofuata vijana wa juu walianza kwenda kuchimba madini, na Jumamosi ndiyo siku yao ya kuuza, kwa hiyo kijiji kikabaki na wazee, na wazee wakachoka. Baba Damas hakukubali, alikwenda langoni tena mwezi wa Septemba 2022, maua yalipokuwa yameanza, na mlinzi aliyetoka na funguo mkononi alikuwa Baba Arsène.

Jaël alikuwepo, ndiye aliyetuhadithia.

Marehemu alimwambia, "Arsène, fungula, mbegu iko karibu kuanguka," na Baba Arsène akajibu akitazama chini, "Yaya, nikifungula, kesho siko na kazi. Batoto bangu batakula nini?" Hawakutukanana, Baba Damas alisimama kidogo akiitazama miiba iliyopita juu ya ukuta, akageuka, na nyumbani alimwambia mkewe, "Mama Simone, ingekuwa minye, singefungula vilevile," na mama anasema kwamba usiku ule alijua mume wake amevunjika, kwa kuwa mtu mwenye hasira bado ana nguvu, naye hakuwa na hasira.

Mvua za Februari 2023 zilishusha mbegu zote za uwanjani. Bustani zilifungwa moja baada ya nyingine, watu wa Kikula wakaacha kuja, Adrien akaenda Kolwezi kutafuta kazi, na hatuwezi kumlaumu, na Jumamosi za mwisho waling'oa watu watatu tu, marehemu, mkewe na Jaël, katika bonde ambalo zamani lilijaa nyimbo.

Ugonjwa wa sukari alikuwa nao tangu mwaka wa 2018. Mwezi wa Juni 2024 mwiba ulimchoma mguu wa kushoto, akauficha ndani ya kiatu ili asikatazwe kwenda, kidonda kikaoza, na tarehe 5 Septemba madaktari waliukata mguu chini ya goti. Akiwa kitandani aliuliza kila siku habari za bonde, na mama Simone alimjibu kwamba miiba inakauka, kwamba watu wamerudi, na sisi sote tuliitikia, tukidhani tunamsaidia.

Tarehe 26 Aprili 2025 alitaka kuona kwa macho yake. Jaël alimkalisha juu ya kinga, yaani baiskeli, ya jirani, akamsukuma polepole hadi ukingoni, na hapakuwa na bustani, hapakuwa na vidimbwi, hata kijito hakikuonekana, ilikuwa miiba kutoka upande huu hadi upande ule, yenye maua mazuri, na akina mama wakizunguka njia ya mbali wakiwa na ndoo zao. Alitazama muda mrefu, akasema, "Jaël, turudi." Alipofika nyumbani alimshika mkewe mkono, akamwambia, "Asanti, ulinifichaka," na tangu siku hiyo hakuuliza tena habari za bonde, wala chakula hakukitaka sana, na tarehe 2 Juni 2025, asubuhi, alikata roho nyumbani, mama Simone akiwa karibu naye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, parokia, wenzake wa kiwandani, na majirani waliotupa viti na maji. Tunamshukuru pia Baba Arsène, aliyetoka mbali kwa miguu na kukaa nje ya uzio mpaka mama Simone alipokwenda mwenyewe kumwingiza, na tunasema mbele ya watu wote kwamba familia haina neno naye.

Tunawashukuru kwa namna ya pekee wanaume wa Kikula na wa kijiji cha juu waliochimba kaburi leo alfajiri, walikuja wengi, kila mmoja na jembe lake, hata wengine walikosa nafasi ya kuchimba, na mama Simone alipowaona wengi namna ile, aligeuza uso wake ukutani.

Yaya Damas, pumzika sasa, kwa amani ambayo sisi hatukukupa.