Mlango Ulioongezwa na Mashine

Ijumaa hii, tarehe 18 Desemba 1998, Bi. Veronicah Igoki anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa ya kuchora ramani za nyumba katika Ushirika wa Nyumba wa Thuchi, kwanza kwenye ofisi yetu ya Embu, kisha Meru. Wengi wetu humwita Mama Mukiri, ingawa huyo Mukiri hatujawahi kumtia machoni. Mwanawe huyo alienda Mombasa kitambo kutafuta kazi na hajarudi, na mama yake si mtu wa kueleza mambo ya kwake. Mambo ya nyumba za watu ndiyo huyaeleza mpaka chai ikapoa.

Aliajiriwa mwaka wa 1969, mwanamke wa pekee katika chumba cha wachoraji, enzi za meza iliyoinama, kalamu ya wino na wembe wa kukwangua makosa. Nyumba za walimu kule Runyenjes, chekechea ya Ishiara na maduka kadhaa ya Maua yalitoka mkononi mwake. Mimi nilimkuta akiwa tayari bingwa, naye akanipokea kwa kuniambia kuwa mistari yangu inatembea kama mtu aliyetoka kilabuni. Sikufurahi, lakini alikuwa mkweli.

Kompyuta ilipoletwa mwaka wa 1994, baadhi yetu tulitarajia kwamba ataikimbia. Kumbe ni yeye aliyekuwa ameiomba. Aliishonea kitambaa cha kuikinga na vumbi, akaipa kona isiyopigwa na jua, na ndani ya miezi michache akawa ndiye tunayemkimbilia mashine ikigoma. Programu yake ya kuchora nyumba ilitungwa na watu wa mbali. Paa zake zilijiandaa kwa theluji, jiko lake halikujua moshi wa kuni, na kila sebule ilipewa mahali pa kuotea moto. Hilo la mwisho watu wa Kibirichia walilipenda sana kwa sababu ya baridi yao.

Ushauri wake bado tunautumia. Alituambia tuhifadhi kazi kwenye disketi kabla ya kunyanyuka kitini, maana stima ya hapa haiagi ikiondoka. Tuamue mapema kama tunapima kwa futi au kwa mita, na tusibadilishe katikati; mmoja wetu alibadilisha, na mteja wa Ishiara akaletewa ramani yenye choo kikubwa kuliko sebule. Mashine ikikataa kuhesabu ukubwa wa chumba, tukuze picha na kuangalia kona, kwa kuwa kuta mbili zisipogusana chumba hicho kwake si chumba.

Ushauri mkubwa kuliko wote, ule wa kidole, ulitokana na kosa lake mwenyewe, na ameniruhusu niuandike.

Mwaka wa 1995 Bi. Ednah, mjane anayelima viazi Kibirichia, alikuja kuchorewa nyumba ya mawe. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mwenda, aliyekuwa akimaliza darasa la nane mwaka huo na kungoja kutahiriwa mwezi wa Desemba. Kwetu kijana akishatahiriwa halali tena ndani ya nyumba ya mama yake. Basi Bi. Ednah aliomba chumba cha Mwenda kishikane na nyumba, lakini kiwe na mlango wake wa nje na kisiwe na njia yoyote ya kuingilia upande wa mama. Bi. Igoki alikichora hivyo hasa.

Siku ya kuchapisha, stima ilikuwa ikipepesa. Mashine ilikagua ramani, ikasema imeona makosa, na ikauliza kama iyarekebishe yote. Bi. Igoki, akihofia kazi kupotea, akabonyeza ndiyo. Mashine iliunganisha kona zilizoachana, kama alivyotaka. Lakini ilikuwa pia imeona chumba cha kulala kisicho na mlango wa ndani, na hilo nalo ikalihesabu kuwa kosa. Ikaweka mlango kati ya chumba cha Mwenda na cha mama yake, naye akaichapisha ramani bila kuitazama tena.

Mwashi, Bw. Kithaka, alijenga kama ramani ilivyosema. Alishangaa, lakini alidhani mwenye nyumba ameamua hivyo, naye Bi. Ednah alidhani ni pengo litakalozibwa mwishoni. Ami yake Mwenda alipofika kutazama, kijana akiwa bado anauguza kidonda, alisema wazi kwamba mtoto wa ndugu yake hataingia humo. Angemchukua kwenda kukaa naye Maua, kwenye biashara yake ya miraa. Bi. Ednah alijua maana yake. Kijana akishaonja safari za pikapu zinazokimbiza miraa alfajiri, kidato cha kwanza kingebaki hadithi, naye angebaki na nyumba mpya isiyo na mtu.

Bi. Igoki alipopata habari alinibeba pamoja na ramani, tukapanda Kibirichia. Njiani nilimpa maneno ya kujitetea: tuseme ni mashine. Alipofika aliikunjua ramani mbele ya ami na wazee, akaweka kidole kwenye ule mlango.

“Mashine haijui desturi zetu. Mimi nazijua, na ni mimi nilisema ndiyo,” akawaambia. “Mkinipa nafasi leo, huu mlango utakufa leo.”

Ami akavua koti na kuuliza mawe yako wapi. Mawe yaliyobaki hayakutosha ukuta mnene, kwa hiyo Bw. Kithaka aliziba kwa ukuta mwembamba uliolingana na ukuta wa upande wa kijana, na upande wa mama pakabaki shubaka refu, yaani uwazi wa ukutani wa kuwekea vitu. Ami aliupapasa ukuta, akaridhika. Mwenda aliingia chumbani mwake kwa mlango wa nje, na Januari akaenda shule.

Mwaka uliofuata tulirudi tukamwambia Bi. Ednah kuwa tuko tayari kulijaza lile shubaka bila malipo. Alikuwa amelipanga vikombe.

“Wachani tu,” alisema. “Nikiwa hapa naskia kijana akifika. Nikishaskia, nalala.”

Tangu hapo Bi. Igoki hachapishi ramani kabla ya kuingia nyumba kwa kidole. Anaanza getini, anapita kila mlango, anauliza nani analala wapi na nani hapaswi kumwona nani. Kidole cha mtu kikipotea humuuliza kama ameingilia dirishani. Nimeingilia dirishani mara nyingi.

Wiki iliyopita tulimpa zawadi yetu, ramani ya nyumba ya kujenga kwenye shamba lake Igoji, tuliyomchorea kwa siri kwa mashine ileile. Yeye ambaye amewachorea watu nyumba, maisha yake yote amekuwa akiishi kwenye nyumba za kupanga. Aliingia getini kwa kidole huku sisi tumemzunguka. Akapita sebule, jiko, stoo, akafika chumbani mwake na kusimama hapo. Hakuona kosa. Aliomba penseli, na kwa mkono wake akashikiza chumba kingine kwenye ukuta ule, chenye mlango wa nje peke yake. Katikati akachora shubaka. Alituambia ni cha Mukiri, siku akirudi. Mimi nilisikia uchungu.

Jana tuliingiza nyongeza hiyo kwenye kompyuta. Mashine ikauliza kama irekebishe chumba kisicho na mlango wa ndani. Tukajibu hapana.

Asante, Mama Mukiri, kwa kuzijua nyumba zetu kuliko sisi tunaolala ndani yake. Kapumzike Igoji kwa afya na amani, vikombe vyako viwe kwenye shubaka, na usiku mmoja usioutarajia usikie mlango wa upande wa pili ukifunguliwa.

Elphas Mutugi, kwa niaba ya wachoraji wote