Zamu ya Mama Saa

Wafiwa wenzangu, majirani, watafiti mliokuja na suti zenu, na nyinyi mliowahi kupimwa na marehemu mkiwa wadogo na leo mna vitambi: nimepewa kazi ya kusoma wasifu wa dada yangu kwa sababu mimi ndiye mdogo wake wa pekee, na kwa sababu shemeji amesema sauti yake haitatoka. Mimi ni fundi wa majokofu. Nimezoea vitu vinavyoharibika kwa sababu inayoeleweka. Mniwie radhi nikifika mahali ambapo sababu hiyo sina.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, mtoto wa kwanza wa karani wa stoo na mshona nguo. Mimi nilifuata miaka sita baadaye, baada ya mama kupoteza wawili hapo katikati. Nadhani ndiyo maana marehemu alinilea kama yai. Kila Jumamosi alinibeba mgongoni hadi kwa jirani yetu muuza unga, akaomba nipandishwe kwenye mzani wake. Siku moja muuza unga alimuuliza, "Wewe, huyu mdogo wako unamuuza kwa kilo?" Marehemu akajibu bila kucheka, "Hapana. Nataka tu nijue hajapungua." Aliniita Kiroboto kwa vile sikutulia juu ya mzani, na jina hilo alinizeesha nalo.

Alisoma shule ya msingi ya karibu na nyumbani, kisha sekondari ya bweni ya wasichana, alikomaliza mwaka 1980. Chuoni alisomea afya ya jamii, akarudi tena kusomea afya ya watoto na vijana. Baba alitaka awe mhasibu. Marehemu alimwambia kwamba hesabu anazipenda, ila anapenda zaidi zile zinazocheka na kulia. Baba alinuna wiki nzima, halafu akaenda kumtangaza kazini kwake kana kwamba wazo lilikuwa la kwake.

Mwaka 1989 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa afya na ustawi wa watoto, na hapo ndipo alipofanya kazi hadi kustaafu. Alipima urefu, uzito na macho. Alikaa na vijana waliobalehe juzi, wale wanaojibu kila swali kwa kuinua mabega, akawasubiri mpaka wakasema wanaogopa nini. Wasaidizi wake wanakumbuka alivyokuwa mkali kwa jambo moja: mtoto akijibu, usimsahihishe. Andika alichosema, hata kikikutisha.

Ndoa alifunga tarehe 14 Septemba 1991, na mpimaji ardhi aliyetumwa kupima mipaka ya taasisi akawa anarudi kila wiki kudai kwamba jiwe moja limehama. Mwaka 1993 walijaliwa mtoto wao wa kiume, ambaye sasa ni mwalimu wa chekechea. Nyumba ile ilikuwa na wapimaji wawili na haikuwahi kuwa na futi. Kila ukihitaji kupima kitu, walianza kulaumiana nani ameipeleka kazini.

Sasa nafika mwaka 1998.

Mwaka huo taasisi ilianza utafiti wa usingizi. Kila mtoto alivishwa mkononi kifaa cha kurekodi anavyojigeuza usiku. Kilifanana na saa isiyo na mishale, na watoto wakaanza kumwita marehemu Mama Saa, jina ambalo wengi wenu hapa ndilo pekee mnalolijua. Katika majengo yaliyochaguliwa lilikuwamo la ghorofa nne jirani na karakana ya treni. Lilikuwa na rangi ya manjano iliyopauka, ngazi moja ya saruji katikati, na nguo zilizoanikwa kwenye kila ukingo.

Vifaa viliporudishwa na mistari ya usingizi wa kila mtoto ikapangwa kwenye kompyuta, ilionekana kwamba watoto wa jengo lile waliamka kila usiku. Hawakuamka kwa pamoja. Wa chini walitangulia, wakafuata wa ghorofa ya kwanza, kisha ya pili, mlango kwa mlango mpaka juu. Kila mmoja aliketi wima, akatulia, akalala tena. Ukiitazama mistari yote kwa pamoja, ilikuwa wazi kwamba kuna mtu anapanda zile ngazi.

Mkuu wa idara wa wakati ule alisema, "Vifaa vimepishana saa. Liondoe jengo hilo tuendelee."

"Vimepishana kwa mpangilio wa milango?" marehemu akamuuliza.

Mkuu huyo amekuja leo, ameketi kule nyuma, na amenipa ruhusa niyaseme haya. Ameniambia hata yeye jengo lile hakuliondoa kichwani.

Marehemu alirudi huko mchana, akatandika mkeka kwenye chumba cha chini na kuwaita watoto. Aliwauliza kama usiku huwa wanaamka.

"Tunaamka akija," wakasema.

"Nani?"

Walitazamana, kana kwamba mtu mzima huyu anauliza rangi ya maziwa. "Si yule anayetuhesabu."

"Mnamwona?"

"Hatumwoni. Tunakaa tu mpaka apite."

Marehemu aliniambia kwamba hakuna aliyeonekana kuogopa, na hilo ndilo lililomsisimua mwili. Walisema kama unavyosema maji yanatoka asubuhi. Ila mmoja, binti wa fundi viatu wa ghorofa ya tatu, alikuwa amekonda mpaka macho yamezama. Alikuwa na miaka tisa. Akasema, "Mimi ananihesabu mara mbili. Mara ya pili ni ya pacha wangu."

Pacha wake, wa kiume, alikuwa amefariki kwa homa mwaka uliotangulia.

"Zile wiki za saa alinihesabu mara moja tu," binti akaendelea. "Nililala vizuri. Mlipochukua saa zenu ameanza tena."

Hapa inabidi niwaeleze kosa la wenye utafiti ule, maana sisi wengine tusingeweza kulifanya hata tungetaka. Taasisi ilichukua majina ya watoto kutoka kliniki bila kwanza kubisha hodi nyumba kwa nyumba, kwa hiyo yule pacha aliyefariki naye akaandaliwa kifaa chake. Hakikupata wa kukivaa. Na desturi yao ni kwamba kifaa kilichobaki hakiachwi kwenye boksi. Mtafiti mmoja hukivaa, ijulikane kama kinafanya kazi. Dada yangu alikivaa bila kuuliza ni cha nani. Alikuwa akilala nacho kwake, upande wa pili wa mji.

Alirudi ofisini, akaifungua mistari ya kifaa kile. Na yeye alikuwa ameketi wima kila usiku wa zile wiki, papo hapo baada ya binti wa fundi viatu, kabla ya mlango uliofuata. Alikuwa hakumbuki kitu.

Alinipigia simu jioni hiyo. "Kiroboto, nikikuambia jambo utanicheka?" Nilimwambia nitamcheka. Alipomaliza kusimulia sikucheka, na yeye tayari alikuwa amekitoa kifaa kwenye boksi na kukivaa tena. Wiki moja baadaye binti alimaliza sahani yake ya chakula. Mwezi uliofuata mzani wa kliniki ulianza kupanda. Mara moja tu, marehemu alipokivua kwa siku chache ili ajiridhishe kwamba si bahati tu, binti alianguka shuleni. Hakukivua tena.

Betri yake ilikufa mwaka 2001. Alikileta karakana kwangu nikakifungua. Betri ilikuwa imevuja na nyaya zimeliwa na kutu. Nikamwambia, "Dada, hii imekufa."

Akaninyooshea mkono. "Mimi sijafa. Irudishe."

Nikaifunga vile vile na kutu yake, nikamvisha.

Shemeji aliniambia alizoea kumkuta ameketi kitandani, mgongo umenyooka kama mwanafunzi anayesubiri jina lake, macho yamefumba. Mwanzoni alimtania kwamba ameoa mlinzi wa zamu asiye na mshahara. Utani huo ulimwisha shemeji pale marehemu alipoanza kuchakaa machoni petu. Mwanamke aliyezunguka kliniki kufundisha wazazi umuhimu wa usingizi alikuwa anasinzia amesimama, kijiko mkononi. Tulimsihi aache. Alijibu, "Nikiacha mimi, inarudi kwa mtoto. Nyinyi mngeacha?"

Mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya kustaafu, madaktari waligundua kwamba moyo wake umechoka. Walimwandikia dawa, wakamsisitizia alale. Alicheka mpaka akakohoa. Tarehe 28 Mei 2024 alilazwa. Siku ya Jumatatu alinishika mkono, na kiganja chake kilikuwa cha baridi. Akasema, "Kiroboto, nizikeni nayo. Asibaki nayo mtu." Alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, dada yangu alifariki dunia. Muuguzi alimvua kile kifaa kwa utaratibu wao wa kawaida, akanikabidhi ndani ya bahasha pamoja na miwani na pete.

Jumatano asubuhi nilipigiwa simu na yule binti wa fundi viatu. Siku hizi ni mkunga, anaishi mji mwingine, na ana mtoto wa kike wa miaka saba.

"Mjomba, pole sana. Samahani kukusumbua msibani. Mama Saa amevuliwa ile saa?"

"Kwa nini unauliza?"

"Mwanangu amenikuta jikoni sasa hivi. Ananiambia, 'Mama, jana nimehesabiwa mara mbili.' Mjomba, huyu mtoto mimi sijawahi kumwambia lolote."

Niliipasua bahasha nikaivaa saa hapo hapo, simu ikiwa bado sikioni.

Alhamisi tulikaa kikao cha familia. Mimi nilisema marehemu ameagiza azikwe nayo, basi tuifuate kauli yake. Shemeji, ambaye tangu Jumanne hakuwa amesema maneno kumi, alisimama. "Mke wangu hajalala tangu mwaka tisini na nane," akasema. "Mkimvisha, mtakuwa mmemzika na zamu yake. Ataketi wima humo ndani mpaka lini? Nileteeni, nitavaa mimi." Nilihisi aibu, kwa kuwa hilo sikuliwaza. Lakini shemeji ana presha, na akiinuka ghafla huanguka. Mpwa wangu naye akanyoosha mkono. Ana watoto wawili wadogo, anatakiwa awe mzima. Mimi sina mke wala mtoto, na maisha yangu yote nimelala kama gogo.

"Na wewe ukifa, mjomba?" mpwa akaniuliza.

Nikamwambia aniache kwanza nizike mmoja.

Mkitaka kujua ikoje, sina mengi. Hakuna sauti wala kivuli. Unajikuta umeketi, na unajua kuna mtu amefika mpaka kwako, amehakikisha, ameenda. Hana ubaya nami na hana wema. Asubuhi mkunga hunipigia simu, anasema mtoto amelala vizuri, nami nashukuru, kisha naogopa kidogo, kisha nakunywa chai.

Marehemu ameacha mume, mtoto mmoja, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na mkunga pamoja na binti yake, ambao tumewaandika kama familia na hatutaki swali. Ameacha pia watoto wengi wa watu aliowasikiliza bila kuwasahihisha.

Mtakaopita kumuaga mtaona mkono wake wa kushoto uko wazi, na ngozi ya pale mkanda ulipokaa ni nyeupe. Msidhani tumesahau. Dada, tangu tukiwa wadogo sijawahi kukukatalia jambo, na hili nimekukatalia. Lala. Lala na usiamke. Akija, nitaitika mimi.