Karani wa Watoto wa Kilo Mbili na Nusu

"Mbona watoto wote wanazaliwa na kilo mbili na nusu?" Ndugu waombolezaji, swali hilo liliulizwa Jumatatu tarehe 6 Mei 1991, katika kikao cha wafanyakazi wa kituo cha afya, na karani wa miaka ishirini na nne, mganga mkuu akatazama saa yake, muuguzi mmoja akacheka, na kikao kikasonga mbele hadi suala la mapazia. Karani huyo ndiye tunayemsindikiza leo.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 14 Machi 1967, mtoto wa nne wa fundi cherehani na muuza mkaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alisoma shule ya msingi mwaka 1974 hadi 1980, kisha sekondari hadi 1984, alikoongoza darasa zima kwa hisabati, na zawadi yake ikawa kupelekwa kozi ya ukarani, kwa kuwa, eti, hesabu nyingi humharibu msichana. Aliyeyasema hayo tunaye hapa, ni baba yake mdogo, na tunamheshimu.

Aliajiriwa tarehe 2 Januari 1987 kuwa karani wa takwimu, kazi yake kunakili uzito wa watoto wachanga kutoka daftari la wodi ya wazazi kwenda fomu ya mwezi, na huko ndiko alikogundua kwamba mshale wa mizani ukisimama kwenye mbili nukta nne, mkono huandika mbili nukta tano, si kwa ubaya, kwa uchovu na mazoea tu. Lakini mtoto wa mbili nukta tano huruhusiwa kwenda nyumbani, wa mbili nukta nne hubakizwa aangaliwe, na gramu mia moja, uzito wa kipande cha sabuni, zikawa tofauti ya kupona na kutopona.

Tarehe 17 Aprili 1993 alifunga ndoa na fundi wa kuchomelea mageti, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1994 na wa kike mwaka 1998. Akisoma jioni baada ya kazi, alipata shahada ya takwimu mwaka 2009 na ya uzamili mwaka 2014, huku wanafunzi wenzake, wa umri wa kuwa wanawe, wakimwita Bibi Wastani, jina alilolipenda kuliko yote.

Mwaka 2019 alikamilisha mswada wa makala yake ya utafiti, watoto elfu kumi na tisa kutoka madaftari ya miaka thelathini, pamoja na kanuni ya kukadiria uzito wa kweli uliojificha nyuma ya ule ulioandikwa. Mkuu wa idara pale chuoni alikosoma akamwambia, "Mama, weka jina langu mbele, wahariri wananijua, wewe nitakushukuru mwishoni." Marehemu akamuuliza, "Mwalimu, umewahi kufungua hata daftari moja?" kisha akakusanya karatasi zake.

Jarida lilitaka kurasa ishirini na tano, ikisiri ya maneno mia mbili, na mswada usio na jina popote, ili wapitiaji waipime kazi bila kumjua mwenyewe. Yeye alituma kurasa tisini na nne, na kila moja, kwa mazoea ya makarani wanaoogopa ukurasa kuchomolewa, ilikuwa na sahihi yake chini. Mswada ulirudishwa baada ya siku tisa, na mume wake akacheka hadi akakaa chini, "Mke wangu, wamekuambia ujifiche, wewe umewapigia baragumu!" Alipunguza kurasa sitini na tisa, moja moja, kwa miaka miwili, akautuma tena tarehe 11 Januari 2022.

Februari 2023 madaktari waligundua saratani ya kongosho, na wiki hiyohiyo yakaja maoni ya wapitiaji. Wa kwanza na wa tatu walisifu, wa pili alileta hoja arobaini na moja, na ya kumi na saba ilimshauri mwandishi atafute msaada wa mtu anayeijua mizani. Miaka thelathini na sita na mizani, na sheria inamkataza kujitaja! Mtoto wa kaka yake, aliyekuwa akimchapia kando ya kitanda, aliandika jibu la moto, marehemu akalisoma, akasema, "Futa, mwanangu. Hasira haina jedwali. Mpe namba." Wakampa majedwali manne, na mpitiaji wa pili akajibu kwa neno moja, ameridhika.

Jumatatu tarehe 28 Agosti 2023 mswada ulikubaliwa, mwandishi mmoja, jina moja, la kwake, na vigelegele vilivyopigwa wodini alikolazwa viliwatoa wauguzi mbio wakidhani kuna msiba. Msiba ulisubiri siku kumi na mbili, akafariki Jumamosi tarehe 9 Septemba, saa kumi alasiri, akiwa ameshinda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima kompyuta na umeme, makarani wenzake waliomtunzia madaftari yasichomwe, na, tumekubaliana baada ya mjadala mrefu, mpitiaji wa pili.

Lala kwa amani, Bibi Wastani, kazi yako imepita.

Nakala za makala yake ziko mezani karibu na mlango. Tafadhali chukua moja, si ya kujipepea, uisome.