Nilivyomkata Shangazi kwenye Mkanda wa Harusi

Shikamooni wazee wangu, na wadogo zangu hamjambo. Mwenyekiti wa jumuiya ameniomba nisimame mara ya tatu, nimeona haya kukataa tena. Majina sitataja. Mkiwatambua wahusika, kaeni nao moyoni.

Mimi ni fundi redio, mnanifahamu. Mwaka juzi nilinunua kamera ya video na kompyuta kuukuu kwa mgeni aliyekuwa anarudi kwao. Nilijiona nimefika! Nani mwingine Ifakara hii angepiga picha za harusi, akazikatakata kwenye kompyuta, akaweka na maandishi? Lakini kompyuta yenyewe, mama yangu! Unabonyeza, unabandika chai, unakunywa, unarudi, bado inafikiri. Ukiipa picha nyingi inaganda, unazima, unaanza upya.

Harusi yangu ya kwanza ilikuwa ya binti wa mzee mmoja wa hapa mjini. Nilipiga saa tatu nzima, na saa moja yake ilikuwa foleni ya kutunza. Mnajua wenyewe: kila mtu anakuja akicheza na zawadi yake, huyu kitenge, yule sufuria, mwingine debe la mchele. Kompyuta ikagoma kabisa. Nilikuwa na kijitabu cha wanaoanza, kinasema kata yote yanayomchosha mtazamaji. Nikaitazama foleni ile, nikasema, basi, yanayochosha ndiyo haya. Nikabakiza kitanda, kabati na cherehani. Wengine wote nikawafyeka. Mnacheka? Chekeni tu. Aliyeandika kijitabu kile hajawahi kualikwa harusi ya kwetu.

Siku ya kuonyesha mkanda, Jumapili baada ya misa, sebule ya mzee ilijaa mpaka dirishani. Ndugu zangu, nawaambia, watu hawakuja kumtazama bibi harusi. Kila mtu alikuja kujitazama. Mbele kabisa, kwenye mkeka, alikaa dada yake yule mzee, ametoka kijijini Mkula. Ndiye shangazi aliyemlea bibi harusi tangu mama yake alipofariki. Yeye alikuwa ametunza kuku mmoja, tetea mweupe. Basi kikapita kitanda, kabati, cherehani, na mara watu wanaagana. Mkanda umekwisha. Sebule nzima ikaguna.

Shangazi akanifuata nje, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbona mimi sikuonekana?"

Hapo ndipo nilipoanguka. Ningesema tu, mama, nimekosea. Lakini niliogopa ufundi wangu utachekwa. Nikajibu, "Wenyewe walisema nifupishe."

"Kaka yangu alisema?"

Nikainamisha kichwa kama mtu anayekubali.

Aliondoka bila kuaga. Akatuma maneno kwamba kama kuku wake ametia aibu, hatakanyaga tena nyumba ya kaka yake. Mzee naye, asiyejua kosa lake, akasusa. Miezi minane ndugu wa tumbo moja hawasalimiani, na ninayejua sababu ni mimi, nimenyamaza. Mjini wakaniita Mkata-watu, hata redio za kutengeneza zikapungua. Jumuiya nikaacha kuja. Mkiniuliza nasingizia malaria. Ilikuwa aibu, si malaria.

Siku moja asubuhi bibi harusi akaja kibandani kwangu, ana mimba kubwa. Akasema, "Kaka, mwezi ujao najifungua. Nimemwita shangazi aje akae nami, amekataa. Mimi mama mwingine sina. Hivi kweli baba alikwambia umkate?"

Nikasema, "Hapana. Niliongopa."

Nililia, mwanamume mzima. Hakunitukana. Alinishika mkono, akanipeleka kwa baba yake nikayarudia maneno yale yale. Mzee akasema, "Kesho nenda Mkula, ukamwambie mwenyewe." Nikaenda. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. Alinisikiliza bila kuacha kupepeta. Mwisho akasema, "Maneno ulinipa mwanzo pia. Safari hii nataka kuona."

Kaseti niliyopigia harusi nilikuwa nimesharekodi ubatizo wa watu juu yake. Niliitia kwenye deki. Maandamano ya kanisani yote yalikuwa yamefutika. Kutunza kulikuwa kumesalia. Mungu ni mwema jamani!

Mama mmoja mpiga chapa ndiye aliyenifundisha kuitumia kompyuta ile ile isigande. "Ukienda mashineni kukoboa mpunga," akaniambia, "unamwaga gunia zima kwa mkupuo? Ipe kompyuta dakika tatu tatu. Ukimaliza kipande, kihamishie kwenye kaseti mpya, kifute kwenye kompyuta, uingize kingine. Na programu nyingine zote funga." Wiki tatu, kipande kwa kipande, sikumruka mtu hata mmoja.

Shangazi akaja mjini kuutazama mkanda mpya. Alijiona akicheza na kuku wake, akatabasamu kidogo. Halafu tukaona jambo ambalo siku ya harusi hakuliona, kwa kuwa alikuwa ameshapita. Zawadi nyingine zote ziliwekwa mezani, ila yule kuku kaka yake hakumpa mtu. Alimkumbatia kwapani, akaendelea kupokea watu kwa mkono mmoja mpaka foleni ikaisha. Shangazi akageuka kumtazama kaka yake. "Kumbe," alisema. Jioni ile hakurudi Mkula. Mtoto alipozaliwa, wa kwanza kumpokea alikuwa yeye.

Namshukuru mama mpiga chapa. Namshukuru yule binti, alinishika mkono badala ya kunizaba kibao, na wazee wangu wale wawili walionisamehe. Wanaotaka kujifunza kazi hii waje, nitawaonyesha bure. Kwenye mkanda kateni kikohozi, kateni giza, kateni miguu mliyoipiga kwa bahati mbaya. Mtu msimkate.

Jamaa wanapenda kuisema kompyuta yangu kuwa ni ya polepole. Jamani, yenyewe ilichukua wiki tatu. Mimi neno moja, "niliongopa", lilinichukua miezi minane. Kama kuna mwenye neno la namna hiyo kooni hapa, ndugu yangu, nakusihi, likupeleke leo hii kwa mwenyewe, maadamu yu hai.