Nyanchoka na Udongo wa Kitalu cha Kumi na Mbili

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Eddah Nyanchoka atarudisha jembe, gambuti na funguo mbili za stoo, baada ya miaka thelathini, miezi minane na siku ishirini na mbili ya kazi katika kituo chetu cha utafiti wa mahindi, nje kidogo ya Siongiroi. Katika muda huo wote alikosa kufika kazini siku tisa. Saba kati ya hizo, kituo chenyewe kilikuwa kimefungwa.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 6 Machi 1995, kama kibarua wa kupalilia. Mwaka wa tano akafanywa mtunza vitalu, yaani mtu anayepanda, kupalilia na kupima mahindi ya majaribio ili madaktari wapate cha kuandika. Amefanya kazi chini ya wakurugenzi sita. Wanne kati yao walimfundisha kushika jembe.

Ugonjwa wa kukausha mahindi ulipoingia Bomet, watu walilima ekari nzima wakavuna majani. Mwaka wa 2013 Dkt. Obure, mkuu wa utafiti wakati huo, alianzisha jaribio la vitalu kumi na viwili. Kumi na kimoja vilinyunyiziwa dawa mbalimbali. Cha kumi na mbili hakikutiwa kitu, ili ugonjwa uonekane nguvu zake. Kitalu hicho kilitakiwa kufa kwa utaratibu, na Bi. Nyanchoka akapewa akitunze.

Shida ilianza na ubao. Ili kuwatia wafanyakazi moyo, kituo kilisimika kwenye kila kitalu ubao wenye jina la mtunzaji, kwa herufi zinazosomeka kutoka mbali. Kitalu cha kumi na mbili kimepakana na barabara ya kwenda kanisa la Sabato, ambako Bi. Nyanchoka ni mwalimu wa masomo ya Biblia. Jumamosi moja Mzee Omariba wa kanisa alisimama kwenye ua, watu wote wakiwa nyuma yake, akasoma ubao, akatazama mahindi, akasoma ubao tena.

"Dada, hii ni yako kweli? Na vile unatufundishaga juu ya bidii!"

Kuanzia Ijumaa iliyofuata, baada ya saa za kazi na kabla jua halijatua, Bi. Nyanchoka aliingia kitaluni, akang'oa kila mhindi ulioanza kugeuka manjano na kuuchoma nyuma ya stoo. Hakuona kama anavunja amri. Aliambiwa asitie dawa, na dawa hakutia.

Msimu wa kwanza kitalu kisicho na dawa kilivishinda vile kumi na kimoja. Msimu wa pili vilevile, na wa tatu. Wataalamu walikuja kutoka nchi tatu kukipiga picha. Walipima mvua, upepo na kivuli cha mkuyu, kisha wakakubaliana kwamba siri iko kwenye udongo. Magunia kumi na moja ya udongo huo yalisafirishwa kwa ndege. Aliyeyajaza ni Bi. Nyanchoka, na hakuna aliyemuuliza kitu isipokuwa kama yamefungwa vizuri. Mlinzi wetu, Bw. Momanyi, naye alijipelekea nyumbani mikokoteni miwili ya udongo huo, akaumwaga shambani kwake na kungoja.

Alhamisi, tarehe 23 Oktoba 2014, matokeo yalitangazwa ukumbini mbele ya wageni na viongozi wa wakulima kutoka Soin hadi hapa. Bi. Nyanchoka aliitwa kushika sinia la mahindi ya kuonyesha. Akiwa amesimama hapo, alisikia pendekezo la Dkt. Obure: mkulima mwenye udongo mwekundu kama ule apande kama kawaida, asijisumbue na lolote.

Alikuwa na watoto wawili sekondari, na kanuni ilisema wazi kwamba anayevuruga jaribio anafutwa. Pia alizijua nyumba zilizozunguka kituo, na alijua zingekula nini Agosti. Akaweka sinia chini.

"Daktari, si udongo. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini, mama?"

"Natoanga zile gonjwa kila Ijumaa, nachoma. Hawa wakiachilia vile umesema, watakula majani."

Mkulima mmoja kutoka Soin akainua mkono.

"Sasa ule udongo mlibeba na ndege, mtaurudisha lini?"

Jumatatu, tarehe 27 Oktoba, Bi. Nyanchoka alipokea barua ya onyo. Ilisema kwamba yeye, peke yake na bila idhini, aling'oa mahindi yenye ugonjwa kwa misimu mitatu, na ajieleze kwa maandishi. Alijieleza kwa mistari miwili. Jibu bado linangojwa. Hakufutwa, kwa kuwa jaribio jipya lilihitaji mtu anayejua kung'oa kwa wakati.

Leo wakulima wengi wa hapa Chepalungu hung'oa mapema, na huvuna. Makala ya mwaka wa 2017 kuhusu njia hiyo ina waandishi tisa. Mwishoni inawashukuru wafadhili, "wafanyakazi wa shambani", na dereva, kwa jina.

Mwezi uliopita mkurugenzi wetu, kwa nia njema kabisa, alijitolea kuiondoa ile barua ya onyo kwenye faili yake ili astaafu akiwa safi. Bi. Nyanchoka alikataa.

"Msiitoe. Nipatieni kopi, na muweke kwa fremu."

Tulipoisoma upya tukamwelewa. Katika karatasi zote za kituo hiki, hiyo ndiyo pekee inayosema kazi ile ilifanywa na nani. Fremu iko tayari, pamoja na zawadi zake nyingine, tangi la maji na blanketi.

Bi. Chepkurui, anayerithi vitalu, ameomba jambo moja tu kwa kamati ya sherehe ya kumuaga. Siku hiyo ni Ijumaa, tutamaliza saa kumi, na kitalu cha kumi na mbili kiko njiani kuelekea geti la juu. Kuna jaribio jipya linaendelea. Mgeni wetu wa heshima, Bi. Nyanchoka, tafadhali asindikizwe kwa geti la chini.

Mama Nyanchoka, asante kwa kuweka lile sinia chini. Tunakutakia pumziko jema, afya, na shamba lako mwenyewe, uingie Ijumaa yoyote unayotaka.