Udongo wa Ukuta wa Sebuleni

Bwana Yesu apewe sifa, ndugu zangu! Apewe tena! Wazee wangu, shikamooni. Mimi si mtu wa maneno mengi. Wanaonijua kule Genkuru watacheka wakisikia hivyo. Naitwa Bhoke, mke wa Mwita.

Ndugu zangu, dhahabu ilinichukulia mume huku namwona. Alikuwa mkulima. Habari za mawe ya dhahabu zilipovuma akaweka jembe, akashika sururu, akaungana na wenzake kwenye duara, shimo lao la kuchimbia, mlimani juu ya shamba letu. Moshi wa jiko langu alikuwa anauona! Lakini Krismasi ikifika, haji. Waliamini kwamba anayetoka mawe yakiwa karibu huondoka na bahati ya wote. Na mwanamke asisogee kabisa. Walifunga kamba ya katani kati ya miti miwili. Mwanamke akiivuka, dhahabu inakimbia. Chakula chake nilikuwa naacha hapo kwenye kamba, kama ninalisha mbwa mkali.

Mwaka ule tukajiandaa bila yeye tena. Mchele ulikuwepo, jogoo amefungwa mguu, gauni la binti yetu Robhi limeshonwa. Ilibaki nyumba, maana kwetu Krismasi haiingii kwenye nyumba ambayo haijasiribwa. Mimi, Robhi na mama mkwe wangu tulisiriba kuta zote, ukabaki wa sebuleni, udongo mweupe ukaisha. Robhi akabeba karai kwenda kuchota korongoni, chini ya mlima. Nikamfuata na ndoo. Mvua ilikuwa imenyesha sana.

Nilikuwa naona mgongo wake ameinama. Mara ukingo ukaporomoka, nikaona karai tu.

Nilichimba kwa mikono mpaka kucha zikang'oka. Udongo unarudi! Nikapiga yowe, lakini nani asikie? Wanaume wote walikuwa chini ya ardhi. Nikasema, "Bwana, mtoto huyu ulinipa wewe, usimchukue kwenye matope." Nikakimbia mlimani. Kwenye kamba, mlinzi wao akaninyooshea panga.

"Mama, rudi! Dhahabu itakimbia!"

"Ikimbie!" nikamwambia. "Ikimbie mpaka Kenya!"

Nikaivuka. Nikainama kwenye mdomo wa shimo nikaita, "Mwita! Robhi amefukiwa! Mura, vijana, tokeni wote!"

Wakatoka wote, ndugu zangu. Hakuna aliyebaki kulinda mawe, na hilo nitawashukuru mpaka nizikwe. Korongoni waliweka sururu pembeni wasimjeruhi, wakachimba kwa mikono. Zikaonekana nywele, kisha uso. Mwita akamtoa udongo mdomoni kwa kidole. Kimya. Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja mbio kwa kelele zetu, mtu ambaye alikuwa hajawahi kukanyaga kanisani, akapiga magoti matopeni akalia, "Mungu wa Bhoke, na mimi nipo hapa!"

Robhi akakohoa. Haleluya!

Bado tunamfuta macho, tukasikia mlima unanguruma. Mlinzi akapanda kuangalia, akarudi ameshika kichwa. Duara lilikuwa limetitia lote. Pale walipokuwa wanagonga mawe nilipowaita, pamekuwa udongo mtupu. Wanaume wale wakakaa chini mmoja mmoja. Mwita alimkumbatia binti yake akalia mbele ya watu, na Mwita si mtu wa kulia. Nami nikajiuliza, hapa nani amemwokoa mwenzake?

Mama mkwe akainuka akasema, "Udongo huu hauachwi hapa. Ulitaka kula mtoto, basi utafanya kazi." Wakaubeba kwenye makarai yao ya kuoshea dhahabu. Kesho yake wakausiriba ukuta ule wao wenyewe, wanaume, kazi ambayo hawajawahi kuigusa. Jamani, waliusiriba vibaya! Na Krismasi walikula kwangu wote. Wali haukutosha, tukasonga ugali. Mwita alikaa mlangoni kwake, na tangu hapo amerudi kwenye jembe.

Namshukuru Mungu mbele yenu. Ndugu yangu, kama kuna kamba wamekufungia kati yako na Mungu, ivuke leo. Kinachokimbia na kikimbie. Mwamini huyu anayesikia hata aliye chini ya udongo.

Kuta nyingine nazisiriba kila mwaka. Ule siugusi. Njooni muone, alama za vidole vyao zipo mpaka leo. Na chini kabisa, karibu na mlango, kuna kiganja kimoja kidogo. Robhi alikataa kulala mpaka na yeye asiribe.