Maisha ya Hester Aletta Labuschagne, Mwendesha Farasi wa Rietkuil

Hester Aletta Labuschagne alizaliwa tarehe 14 Machi 1941 katika shamba la Rietkuil, nje kidogo ya mji wa Reitz, akiwa mtoto wa tatu wa Hendrik na Sarie Wessels. Alibatizwa katika kanisa hili hili tunamomuagia leo.

Alisoma shule ya msingi Reitz na kumaliza sekondari Bethlehem mwaka 1958. Ripoti zake, ambazo familia imezihifadhi, zinamsifu kwa hesabu na kumlaumu kwa kuingia darasani akinuka zizi.

Tarehe 6 Oktoba 1962 aliolewa na Gerrit Labuschagne, fundi wa kupigilia farasi viatu, aliyekuwa amekuja Rietkuil kwa kazi ya siku moja. Siku ile ya kazi Hester alisimama nyuma yake akikagua kila msumari.

"Dada, unataka nyundo ushike wewe?" Gerrit aliuliza.

"Nataka huo wa tatu uupige upya."

Aliupiga upya. Walijaliwa watoto wawili, Hendrik na Marietjie.

Kwa zaidi ya miaka hamsini Hester alifunza farasi wa kuvuta gari dogo la maonyesho. Kroonstad, Parys, Senekal, kote alifika na lori lake, na jioni akawakaangia soseji watu waliokuja kumshinda kesho yake. Alitwaa tepe za ushindi kila mahali isipokuwa Bloemfontein. Ubingwa wa huko ulimponyoka. Alishika nafasi ya pili mara nane. Hakujifanya hajali. Kombe lile alilitaka.

Mwishoni mwa mwaka 2015 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Alimwomba daktari ampe hadi Aprili. Tarehe 16 Aprili 2016 aliingia uwanjani Bloemfontein, mto umefungwa mgongoni, akiendesha farasi wake Korporaal. Mwamuzi alipunguza washindani hadi wakabaki wawili: yeye na Annelie Terblanche, binti wa miaka ishirini na saba kutoka Senekal.

Hapo kiatu cha farasi wa Annelie kikang'oka. Kanuni inatoa dakika saba za kukirudishia. Zikipita, mshindani anatoka. Fundi wa Annelie alikuwa ameondoka mchana ule, mkewe kashikwa na uchungu wa kujifungua. Gerrit alikuwa ameketi kando ya uzio, sanduku la vifaa miguuni. Hakusogea. Alimtazama mkewe.

"Mzee, unasubiri uletewe kahawa?" Hester alimpigia kelele.

"Hessie, ni dakika saba tu. Nyamaza, zitapita zenyewe."

"Nimekuja kumshinda farasi, sikuja kushinda kiatu. Inuka!"

Jukwaa zima liliangua kicheko. Gerrit aliinuka, na dakika ya sita akauachia ukwato, kiatu kimeshapigiliwa.

"Asante sana, mjomba," Annelie alisema.

"Usinishukuru mimi. Mshukuru yule mkaidi pale."

Walizunguka uwanja mara mbili zaidi. Kombe alipewa Annelie. Njiani kurudi nyumbani Hester alikosoa kona mbili alizozikata vibaya, akaimba zaburi, akasema hajawahi kuwa na siku nzuri uwanjani kama ile.

Alifariki nyumbani Rietkuil tarehe 9 Februari 2017, saa nne asubuhi, dirisha la upande wa zizi likiwa wazi kama alivyoagiza. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na Annelie, ambaye kwa miezi kumi alikuja kila Jumamosi kumfanyisha Korporaal mazoezi.

Katika miezi hiyo wengi walimwambia marehemu kwamba kwa haki kombe lilikuwa lake. Aliwakatalia wote, na akatuagiza tusithubutu kumwita bingwa katika karatasi hii. Tumemtii.

Alale salama Hester Labuschagne, wa pili Bloemfontein, mara tisa.